Paketi Nane za Hamira ya Soya

Ushirombo
5 Novemba 2023

Kwa mkwe wangu Baba Goodness,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima. Miguu yangu inauma kama kawaida yake mvua inapokaribia, Loveness hajambo, na mwanao Goodness ameota meno mengine mawili, anang'ata kila kitu hadi mkia wa mbuzi. Habari za huko Nyarugusu? Bado unashuka duarani, kwenye hilo shimo la dhahabu, au umeshapata akili?

Usishtuke kuona barua. Namba yako ya simu ninayo. Lakini mkwe na mama mkwe kuongea sikio kwa sikio, mimi siwezi, na wewe najua huwezi. Mara ya mwisho ulipokea, ukasema shikamoo, halafu ukakohoa mpaka salio langu likaisha. Karatasi ina heshima yake. Bartholomeo wa lori la mahindi anapita huko kila wiki, yeye ndiye atakuwa tarishi wetu.

Sasa nisikilize. Mkeo yuko kwangu tangu Juni. Sijakuuliza mlikosana nini. Yeye ameniambia upande wake na mimi nimenyamaza. Anasema umemwahidi mengi na kila ahadi iko chini ya ardhi pamoja na hiyo dhahabu. Mimi sitaki ng'ombe wala kikao cha wazee. Nataka ushike jambo moja la shamba, moja tu, ulitimize, binti yangu aone kwa macho yake.

Jambo lenyewe ni soya. Mwaka jana bwana shamba wetu, Theonest, aliniomba ekari yangu afanye shamba la mfano. Alichanganya mbegu na unga mweusi wa kwenye paketi. Anasema ndani ya unga ule mna bakteria, viumbe hai wasioonekana kwa macho, wanaingia kwenye mizizi ya soya na kuilisha mbolea wanayoitoa hewani. Nilicheka. Nimelima tumbaku na pamba kwenye udongo huu mpaka ukachoka kuliko mimi, leo mtu aje aniambie mbolea iko hewani! Lakini soya ile, mkwe, ilisimama. Wenzangu wakaupa ule unga jina la hamira, kwa kuwa ni unga ulio hai.

Mwaka huu kikundi chetu cha wanawake wanane tumeacha mahindi. Kila mmoja ekari moja ya soya, na mimi nairudia palepale. Hamira huku haipatikani. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema, mkwe wangu yuko Geita, ataleta. Mariana, huyu jirani tunayepakana naye shamba, akaguna. Basi nimeweka jina langu juu yako. Tafuta paketi nane. Theonest alisema zisipigwe jua. Wewe zitunze kama unavyotunza mbegu.

Mama mkwe wako,
Mama Loveness


Nyarugusu
19 Novemba 2023

Kwa Mama,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa mzima, ila kifua kimejaa vumbi la mawe na mgongo unalalamika. Hiyo miguu pole sana, mama. Chemsha majani ya mwarobaini uikande nayo. Goodness mwambie baba yake anakuja kumnyoosha aache mikia ya watu.

Barua yako niliisoma mara tatu nimesimama. Barua yako, mama, haisomwi mtu amekaa. Kuhusu mimi na Loveness sitajitetea. Niliondoka nikisema miezi sita, sasa ni miaka miwili. Kila tukifika kwenye mwamba tunaambiwa bado mita tatu, na mita tatu za duarani haziishi. Hata mimi nimechoka kujisikia nikiahidi.

Hamira nimepata! Geita mjini nilizunguka siku nzima, kila duka la pembejeo wananipa mbolea ya mahindi. Ikabidi nipande gari mpaka Buseresere. Huko muuzaji akaenda kuzitoa kwenye friji ya soda. Nikamwambia, kaka, mimi sikuja kunywa soda. Akacheka, akanifungia paketi nane. Ni hizi hapa ninazo.

Lori la Bartholomeo liko gereji, wanasema limevunja springi. Likitengemaa tu nitampa mkononi. Mwambie Mariana aendelee kuguna. Mwambie na Loveness, lakini usimwambie kwa sauti kubwa, kwamba ile safari ya Buseresere nimeipenda kuliko siku zangu zote za huku. Wabeja sana, mama, asante kwa kuniamini.

Mkwe wako,
Sostenes


Nyarugusu
12 Desemba 2023

Kwa Mama,

Shikamoo. Paketi nane hizi hapa, nimezifunga kwenye mfuko mpya. Lori lilikaa gereji wiki tatu, ndiyo maana nimechelewa. Bartholomeo anapiga honi, siwezi kuandika zaidi. Pandeni mapema.

Sostenes


Ushirombo
22 Desemba 2023

Kwa mkwe wangu,

Habari za huko? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno, hata afya hukuniuliza. Nikasema labda honi ya Bartholomeo ilikuchanganya, maana lile lori linalia kuliko fisi. Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua ni nzuri, na Jumapili paroko ametuombea mbegu.

Tumepanda. Ungeona, ungecheka. Theonest yuko masomoni Ukiriguru hadi Machi, na aliyewahi kuona kazi hii ikifanyika ni mimi peke yangu. Wakaja wote saba uani kwangu na mbegu zao kwenye ndoo. Nikakoroga maji ya sukari ili unga ushike, nikachanganya beseni moja baada ya lingine, chini ya kivuli cha banda, kwa mikono yangu mwenyewe. Mikono ikawa myeusi mpaka viwikoni. Mariana akasema, Mama Loveness leo unafanana na mpishi wa msibani. Tukacheka sana. Siku ileile kila mtu akazika mbegu zake kabla jua halijapanda.

Na jambo jingine nikuambie, ila hukulisikia kwangu. Loveness alikuwa anamenya mihogo, akasema bila kuinua kichwa, "Kumbe akitumwa anafika." Jana ameniuliza kama koti lako la mvua bado limechanika begani. Mimi nikamwambia muulize mwenyewe. Hakununa.

Krismasi njema. Wabeja, mkwe wangu. Umenisimamisha mbele ya watu.

Mama mkwe wako,
Mama Loveness


Ushirombo
28 Januari 2024

Kwa mkwe wangu Baba Goodness,

Salamu. Natumaini u mzima, mbona hukujibu barua ya Krismasi? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia.

Soya imebadilika rangi. Ilipochipua ilikuwa nzuri kote, tukapita tukisifiana. Wiki ya tano ikaanza kupauka. Sasa mashamba saba ni ya njano, majani yamelegea, mmea umesimama palepale. La nane ni kijani kibichi, limefika magotini. Hilo la nane ni langu.

Unaweza kudhani nimefurahi. Ningetamani langu ndilo liwe la njano, hayo mengine yote yawe kijani. Mariana alisimama mpakani juzi, anatazama kwake, anatazama kwangu. Akasema, "Mama Loveness, mbegu tulileta wote. Aliyekoroga ni wewe." Akachukua jembe lake akaenda. Tangu hapo nikifika kisimani maongezi yanakatika. Loveness amesikia wanachosema: kwamba nimeuvuta mmea wao kuuleta kwangu, kwamba ile sukari haikuwa sukari.

Tumempigia Theonest. Anasema mambo mengi yanaweza kuifanya soya iwe njano, hawezi kusema kabla hajaiona.

Nakuuliza wewe swali moja, kama mama. Kuna kitu kiliwapata wale bakteria huko kwako? Kama kipo, niambie. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo, halafu nitanyamaza.

Mama mkwe wako,
Mama Loveness


Nyarugusu
6 Februari 2024

Kwa Mama,

Shikamoo mama, pole na matatizo. Mimi naendelea vizuri. Kutojibu kwangu nisamehe, tulikuwa na maji mengi duarani, tunapiga pampu mchana kutwa.

Kuhusu soya, hapana mama, hakuna kilichotokea. Nilizinunua, nikazitunza, nikazituma. Labda mvua imezidi. Labda mbegu zao zilikuwa za zamani, si unajua watu wanavyoficha mbegu mbovu chini ya ndoo? Wape muda. Watu wakiona mavuno watasahau.

Nimempa Bartholomeo sabuni miche sita na kilo mbili za sukari. Msalimie Loveness. Koti bado limechanika.

Mkwe wako,
Sostenes


Ushirombo
14 Februari 2024

Kwa Baba Goodness,

Sabuni nimepokea. Sukari nimeirudisha kwa Bartholomeo. Kwa sasa sukari isionekane nyumbani kwangu.

Nakuandikia mambo yalivyo, upate kuyajua. Kikundi kimenitoa. Walikuja watatu, wakaongea kwa adabu, wakasema nipumzike kwa kuwa nimezeeka. Jumatatu tumeamka tukakuta fungu la soya ya njano limefungwa kwa kamba kwenye kitasa cha mlango wangu. Goodness akalichukua akacheza nalo. Nilimpokonya kwa nguvu, mtoto akalia, na mimi nikalia.

Wewe ni kijana, lakini umezaliwa huku, unajua bibi mwenye macho mekundu huitwa nani. Macho yangu ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini. Shangazi yangu Salvina naye macho yake yalikuwa hivyo. Ng'ombe wa jirani walikufa, wa kwake wakabaki. Ilianza hivihivi, kwa maneno ya kisimani, ikaishia kwa panga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwosha mimi.

Watu wanasema siku hizi mambo hayo yamekwisha. Yamepungua, na namshukuru Mungu. Lakini Loveness ametandika mkeka wake mlangoni, analala hapo, na mlango tunauegemezea kinu. Anataka anipeleke Nkome kwa kaka yangu Deusdedit, nikaanike dagaa naye mpaka watu watulie. Nimekataa. Nikikimbia nimekiri. Mwenyekiti wa kitongoji, Mayala, ameitisha mkutano Jumamosi tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi. Nitakwenda kwa miguu yangu hii mibovu. Nitasema nini, sijui. Soya yangu inazidi kustawi, mkwe. Kila asubuhi natamani niende niing'oe yote.

Nimefikiri mpaka nimejishuku mwenyewe. Labda mkono wangu una kitu nisichokijua. Mtu akiambiwa jambo na watu saba anaanza kuitazama mikono yake.

Sikuombi chochote. Nakuarifu tu, likinipata jambo, Goodness ni mwanao, uje umchukue, usiache akulie kwenye kijiji kitakachomwita mjukuu wa mchawi.

Mama mkwe wako,
Mama Loveness


Nyarugusu
23 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu za kupanga.

Bakteria niliwaua mimi.

Nisikilize mpaka mwisho. Uliandika nizitunze kama ninavyotunza mbegu, na zisipigwe jua. Kwetu mbegu ya mwakani mama yangu aliitundika kwenye dari la jikoni, juu ya moto, moshi ufukuze fukusi. Ndivyo nilivyoona tangu nazaliwa. Sikujua utunzaji mwingine. Kwa hiyo nilipotoka Buseresere nilimwomba mama anayetupikia hapa kambini anipe nafasi darini kwake. Anapikia wachimbaji sitini, moto wake hauzimiki toka alfajiri mpaka tumelala. Nilizitundika paketi nane juu ya huo moto. Wiki tatu, mama. Hazikuguswa na jua hata dakika moja, nikajisifu.

Siku Bartholomeo alipokuja nilizishusha. Zilikuwa za moto kiasi cha kuzihamisha mkono huu kwenda huu. Ndipo nikasoma nyuma ya paketi. Imeandikwa kwa Kiswahili kabisa: viumbe hai, hifadhi mahali pa baridi. Nikampigia yule muuzaji. Akasema, "Umewapika, kaka. Unadhani kwa nini mimi niliwaweka kwenye friji?" Lori linapiga honi. Nikafikiri jina lako uliloweka mbele ya wenzako, nikafikiri Loveness anavyosema ahadi zangu ziko ardhini. Nikajiambia labda wachache wamepona. Nikampa Bartholomeo, nikakuandikia mistari mitatu, hata afya yako nikashindwa kuuliza, maana niliona haya.

Hilo la kuwapika ni ujinga, na ujinga mtu husamehewa. Kosa langu ni barua ya tarehe 6. Uliniuliza waziwazi, kama mama, nikakudanganya. Nilijua. Nilijua tangu Desemba. Nilikaa huku nikisoma kwamba wanakusema, nikatuma sabuni.

Ulipoandika Goodness nije nimchukue, nilishuka duarani na barua mfukoni, nikashindwa kushika hata sururu. Wenzangu wakadhani nina malaria. Wiki nzima nimekuwa naanza barua hii, naichana.

Kwa nini shamba lako peke yake ni kijani, hilo sina jibu, mama. Nimelifikiria na silijui. Lakini njano ya wale saba ni yangu mimi. Wasomee barua hii. Loveness naye asome.

Sostenes


Ushirombo
26 Februari 2024

Sostenes,

Nimeipata. Sitawasomea. Watasema nimeiandika mwenyewe, au mwanangu Loveness ndiye aliyekutungia. Karatasi haisimami mkutanoni ikaulizwa maswali.

Jumamosi saa nne, uwanja wa ofisi ya kitongoji. Njoo wewe.

Mama Loveness


Ushirombo
17 Machi 2024

Kwa Sostenes,

Salamu. Mimi ni mzima. Naandika neno hilo nikijua maana yake: ni mzima, nimeamka leo, nimekwenda kisimani na nimerudi. Loveness na Goodness hawajambo. Kinu tumekirudisha jikoni, kinatwanga tena.

Uliondoka siku ileile bila kuaga, na sikukulaumu. Tena mkwe na mama mkwe mkutanoni, wewe umekaa mbele umeinamisha uso, mimi niko nyuma kabisa ya akina mama na khanga imenifunika mpaka puani. Hukuona kitu. Ngoja nikusimulie ulichokifanya, kwa kuwa naamini hukijui.

Uliposimama ukasema, "Mimi ndiye," walinong'ona kwamba umepangwa. Ulipoeleza dari la jikoni na moto wa wachimbaji, minong'ono ikakoma. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna mwanamke pale ambaye mbegu zake haziko juu ya moto. Mama mmoja nyuma yangu alisema polepole, "Hata mimi ningezitundika." Bikizee mwingine akaitikia, "Ungeziweka wapi tena?" Hapo ndipo nilipopumua mara ya kwanza tangu Januari.

Halafu Mariana akasimama. Mimi simchukii Mariana, ana watoto watano na shamba moja. Akauliza swali ambalo wewe mwenyewe uliandika huna jibu lake: kama wote walipata unga uliokufa, mbona wa Mama Loveness ukafufuka? Uwanja mzima ukageuka kunitazama. Na wewe ulisema kweli tena, ukasema, "Sijui." Nilikuombea Mungu usitunge kitu. Ungetunga, ningekuwa nimekwisha.

Ile kazi ya kumfuata Theonest Ukiriguru kabla ya kuja, na kumleta hata kama masomo yake hayajaisha, nani alikuambia ufanye hivyo? Hukuniandikia. Nilipomwona anashuka kwenye pikipiki na jembe begani nilidhani macho yananidanganya. Wewe ulibaki pale uwanjani na wanaume. Sisi wanawake tulikwenda naye shambani.

Aling'oa mmea kwa Mariana, taratibu, pamoja na udongo, akausuuza kwenye ndoo. Mizizi mitupu, kama uzi. Akang'oa kwa wengine wote sita, mitupu. Akaja kwangu. Nikaketi chini kwenye tuta. Akang'oa mmea wangu, akausuuza, na mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo, vingi kama shanga. Akachukua kimoja akakikata kwa wembe mbele ya Mariana. Ndani ni chekundu kama nyama. Akasema, hawa ndio bakteria wenyewe, na wekundu huu ndio dalili kwamba wako hai, wanafanya kazi. Akasema hawakutoka kwenye paketi ya mwaka huu. Ni wale aliowapanda yeye mwaka jana kwenye shamba la mfano, walibaki udongoni wakiningoja nirudie soya. Ekari hizo nyingine hazijawahi kupata soya tangu dunia iumbwe, zilikuwa zinategemea paketi peke yake.

Mariana alikiomba kile kinundu. Akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo hakuvuta." Theonest akamwambia, "Mmea hauvutwi, mama. Kama unataka hawa wa kwake, chota udongo wake ukauchanganye na mbegu zako mwakani. Utawapata." Basi Mariana akaja pale nilipokaa, akapiga magoti kwenye matope, akanikumbatia miguu. Nikamwambia inuka, miguu inauma. Tulicheka kidogo, tukalia sana.

Sasa nikupe na yaliyobaki, usidhani kila kitu kimenyooka. Mavuno yao yatakuwa haba. Theonest amewaonyesha mbolea ya kuokoa kidogo kilichopo, lakini msimu umepotea na watoto watakula msimu huo uliopotea. Kikundi kimenirudisha, na wameniomba niwe mwenyekiti. Nimewaambia nitafikiri. Wawili bado hawanisalimii sawasawa, wananijibu wakitazama pembeni. Neno likishatamkwa juu ya mwanamke mzee haliishi lote kwa mkutano mmoja. Nitakufa nalo kidogo.

Na wewe wanakusema, lakini kwa namna nyingine. Mzee Mayala amesema mkutanoni, baada ya wewe kuondoka, kwamba amesikia wezi wakikiri wakiwa wamefungwa kamba, ila mtu aliyepanda gari mwenyewe kuja kukiri hajawahi kumwona. Nilijivunia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilijivunia kwamba ni mkwe wangu.

Loveness amezisoma barua zako zote. Nilimpa mimi, ile ya tarehe 6 nayo ikiwemo. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akazikunja, akanirudishia. Nilimuuliza, sasa? Akasema, "Mama, aliyelala mlangoni nilikuwa mimi. Lakini waliyetaka kumkata ni wewe. Ukimsamehe wewe, nitarudi kwake. Usipomsamehe, sirudi." Kwa hiyo ameliweka kwangu, na mimi nimekaa nalo wiki mbili hizi.

Nikuambie lilipofika. Zile paketi nilikusamehe palepale, kabla hujamaliza kutaja moto. Mimi ndiye niliyeandika utunze kama mbegu. Tumewapika wote wawili. Uongo wa tarehe 6 nao nimeusamehe, ulinichukua siku nne.

Kilichobaki ni siku. Barua yangu ya kukuuliza uliipata tarehe 31 Januari, Bartholomeo amenithibitishia. Barua ya kweli umeiandika tarehe 23 Februari. Ni siku ishirini na tatu, Sostenes. Kila siku ulikula, ukashuka duarani, ukapanda, ukalala, na unajua. Mimi nazichukua moja moja. Nikiwa napalilia nachukua siku moja, nakumbuka siku hiyo nilikuwa wapi na nani alinipita bila kunisalimia, naisamehe, naiweka chini. Nyingine zinakubali upesi. Ile Jumatatu ya fungu la soya mlangoni nimeichukua mara tatu na imenishinda.

Nimefika siku ya kumi na moja. Usiniharakishe, usimtume mtu kuniombea, usije kabla. Nikimaliza nitakuandikia.

Mama Loveness